Somo la Gideoni

Hombolo, 7 Oktoba 2023

Dada Priska mpendwa,

Bwana asifiwe. Huku hatujambo, vumbi tu ndilo linatutesa, na upepo wa mwezi huu unaujua mwenyewe. Nakuandikia kwa sababu simu huku bado ni ya kupanda kilimani, na kilimani ukisema "haloo" kijiji kizima kinaitikia. Daudi anashusha nyanya Dodoma keshokutwa, nitampa hii.

Tangu uolewe ukahamia Ipagala, huko Dodoma, ukaniachia klabu ya Biblia ya watoto, sijapata Jumamosi kama ya leo. Walijaa mpaka kizingitini. Nilifundisha Gideoni, alivyovunja madhabahu ya Baali ya baba yake. Nikafanya ulivyonielekeza, nisisome, niigize. Nilipanga matofali katikati ya kanisa, Jenifa akawa Gideoni. Dada, yule mtoto wa baba yako mdogo ana moto! Aliyapiga teke matofali mpaka tukaanza kukohoa. Nikauliza, "Nani hapa ana moyo wa Gideoni?" Mikono yote juu. Nikawaambia, "Msininyooshee mikono. Gideoni hakunyoosha mkono, alikwenda akavunja." Walipiga makofi mpaka mchungaji akachungulia.

Tulifunga kwa ombi lile ulilotuachia, la Bibi yako aache mizimu. Jenifa ndiye aliyeomba. Alilia machozi kabisa.

Mdogo wako katika Bwana,
Asnath


Ipagala, 12 Oktoba 2023

Asnath mdogo wangu,

Barua yako nilimsomea shemeji yako Raphael wakati anakula, akaniuliza kama siku zote huwa nalia nikisoma barua. Nilikuwa nahofu klabu ingekufa nikiondoka. Sasa nina amani.

Huku Ipagala nyumba zimebanana, jirani akikaanga kitunguu mimi napiga chafya. Nawakumbuka watoto. Jumamosi ikifika mikono haijui ishike nini.

Msiache kumwombea Bibi. Unajua alivyonilea mama yangu alipofariki. Siwezi kustahimili kufikiri kwamba atakufa hivyo hivyo, na kile kigoda cha Babu na chungu chake cha tambiko kule chumba cha ndani.

Dada yako,
Priska


Hombolo, 17 Oktoba 2023

Dada Priska,

Bwana asifiwe. Habari za huku si nzuri, na zinahusu nyumbani kwenu.

Jumanne ya wiki iliyopita Bibi alikwenda mnadani. Aliporudi alikuta kigoda cha Babu yako kimepasuliwa, chungu kimevunjwa, na vibuyu vimetupwa jikoni vikaungua. Anasema ni mwanawe, baba yako mdogo Yotham. Unajua walivyokuwa wakivutana juu ya tembe lile, Yotham akitaka walibomoe ajenge ya bati, Bibi akisema wenye nyumba, wazee waliokufa, wamo ndani. Sasa ameapa kwamba hatakula tena kitu kilichopita mikononi mwa Yotham. Juzi alimpelekea ugali na mlenda, Bibi akavimwagia mbwa mbele ya majirani.

Mimi sikuwapo, nasema niliyoyasikia. Jumamosi hatukukutana, nilikuwa na homa kidogo.

Asnath


Ipagala, 21 Oktoba 2023

Baba Mdogo Yotham,

Shikamoo. Nimesikia mliyofanyiana huko.

Mimi ni mtu wa kanisa, na mambo ya tambiko nimeyaacha. Lakini sikuwahi kumwinulia Bibi mkono. Wewe ni mwanawe wa pekee aliyebaki. Ulishindwa kungoja afe ndipo ubomoe? Kigoda kile Babu alikichonga mwenyewe. Kama ni wewe, sema ni wewe, ukamwangukie mama yako. Ukinyamaza nitajua.

Priska


Hombolo, 1 Novemba 2023

Mwanangu Priska,

Marahaba. Barua yako nimeisoma, nikaenda kukata kuni, nikarudi nikaisoma tena.

Unaniuliza kama ni mimi. Sitasema ni mimi, wala sitasema si mimi. Mama amekwisha kunitaja mbele ya watu, na mimi ni nani nimwite mama yangu mwongo? Kilichovunjika hakiungiki kwa maneno ya Yotham.

Kesho naondoka. Kuna mtu huko Kolo anajenga, anatafuta fundi wa kupiga tofali na kusimamisha ukuta. Jenifa namwacha na bibi yake, maana mama yake angekuwa hai nisingehangaika. Kwa huyo mtoto nakuomba jambo moja tu. Ukija, usimuulize kitu. Akinyamaza mwache anyamaze.

Ni mimi baba yako mdogo,
Yotham


Ipagala, 8 Novemba 2023

Asnath mdogo wangu,

Baba mdogo ameniandikia. Hakukiri kwa mdomo ila amekiri kwa kila neno, na sasa amekimbilia Kolo. Eti nisimuulize mtoto wake! Anaogopa mtoto asije akasema aliyoyaona.

Nimewatumia ujumbe wazee wa ukoo. Krismasi tutakaa. Atamtolea Bibi ng'ombe, na ile sehemu ya kaya aliyoachiwa na Babu atanyang'anywa. Nimechoka na watu wanaotenda kisha wananyamaza.

Wewe endelea kuwafundisha hao watoto kusema kweli. Ndilo tumaini letu.

Priska


Hombolo, 18 Novemba 2023

Dada Priska,

Naomba utafute mtu mwingine wa klabu. Mimi siwezi tena. Nikisimama mbele ya watoto koo linakauka. Jenifa haji. Nikimkuta bombani anageuza uso, ndoo ikijaa nusu anajitwisha anaondoka.

Na lile jambo la wazee na ng'ombe, je, haliwezi kungoja? Labda watu wana haraka. Labda hatujui yote.

Asnath


Ipagala, 23 Novemba 2023

Asnath wewe,

Koo linakauka! Raphael anasema koo la msichana wa umri wako hukaukia kijana, na kama ni yule Abeli anayepiga kinanda, mwambie sisi tunataka barua ya posa, siyo visingizio. Usikimbie zamu yako. Watoto wanakutazama wewe kuliko wanavyoitazama Biblia.

Ng'ombe hawangoji. Nimekwisha sema na wazee.

Priska


Hombolo, 2 Desemba 2023

Dada Priska,

Si Abeli. Kaa chini usome hii peke yako.

Kigoda cha Babu yako hakikuvunjwa na Yotham. Alikivunja Jenifa na wenzake wa klabu, na mimi nimejua tangu siku ile ile.

Nilikuwa uani namenya karanga. Wakaja mbio, Jenifa mbele, mikono myeusi kwa masizi. "Mwalimu, tumefanya kama Gideoni!" Nikauliza, "Mmefanya nini?" Akasema, "Tumevunja Baali ya Bibi." Alikuwa anacheka, Dada. Alikuwa na uso wa mtoto anayeleta karatasi ya mtihani aliofaulu, anangoja nimsifu.

Ningeweza kuwashika mkono siku ile ile nikawapeleka kwa Bibi. Nilichofanya ni kuleta maji nikawanawisha. Nikawaambia, "Msimwambie mtu. Hata Gideoni alifanya kwa siri, kwa kuwa aliwaogopa watu wa nyumba ya baba yake." Hata hilo la kuwaficha nililitoa kwenye Biblia, na nikalisema kwa sauti yangu ya kufundishia.

Nilikuwa naogopa mchungaji, naogopa Bibi, nakuogopa na wewe. Nikajiambia patapoa. Bibi alipomtaja Yotham, Jenifa alinifuata kisimani. "Mwalimu, wanasema ni baba. Niseme?" Nikamwambia, "Ngoja kwanza." Akauliza, "Mpaka lini?" Nikamwambia, "Nitakuambia." Sikumwambia. Siku Yotham anaondoka, Jenifa alimbebea mfuko mpaka barabarani, akaniona nimesimama kwenye duka, akanitazama. Alikuwa anangoja ruhusa yangu. Mimi nikaingia dukani nikanunua chumvi ambayo nyumbani ilikuwapo.

Leo alikuja kanisani watoto walipokwisha kutawanyika. Amekonda. Akasema, "Mwalimu, Bibi ananipa maziwa kila jioni. Ananiita mama yake mdogo. Nikiyameza yanarudi."

Ulinisifu kwa kuwafundisha kusema kweli. Nimewafundisha kunyamaza, na wamenitii, na mtu mzima amefukuzwa kwao kwa ajili ya utii huo.

Mchungaji nitamwambia kesho baada ya ibada. Kwa Bibi nitakwenda wiki hii inayoanza. Zuia wale wazee, nakusihi.

Asnath


Ipagala, 6 Desemba 2023

Asnath,

Naandika haraka, samahani kwa mwandiko.

Usiende kwa Bibi. Subiri nije. Akisikia ni watoto wa kanisa, unafikiri kuna siku atakanyaga kanisani? Wazazi watawatoa watoto. Klabu niliyoianza na watoto wawili chini ya paa linalovuja itakwisha kwa asubuhi moja. Na mimi, nimwambie nini baba mdogo baada ya barua ile niliyomwandikia? Wazee nitawaambia tuahirishe. Tutafute namna. Baba mdogo ni mwanaume, anaweza kuvumilia mwezi mwingine mmoja.

Nimeisoma sentensi hiyo ya mwisho nikataka kuichana barua. Lakini Daudi anangoja nje na gari limewaka.

Priska


Hombolo, 9 Desemba 2023

Dada Priska,

Barua yako imenifikia nimekwisha kwenda. Namshukuru Mungu ilichelewa, kwa maana ningeitii.

Tulikwenda Alhamisi, mimi na Jenifa. Bibi alikuwa anapepeta mbegu za uwele. Nikamwamkia, "Mbukwenyi, Bibi," akaitikia, akaendelea na ungo. Nilikuwa nimepanga maneno. Jenifa hakuningoja.

"Bibi, ni mimi. Siyo baba."

Ungo ukaendelea kwenda juu na chini. Nikadhani hakusikia. Nikapiga magoti nikasema, "Bibi, mimi ndiye niliyewafundisha."

"Uliwatuma kwangu?"

"Hapana. Lakini kila Jumamosi tulikutaja."

"Mlinitaja vipi?"

"Tulikuombea."

"Mliniombea nini?"

Jenifa akajibu, "Uache mizimu, Bibi, usiende motoni."

Hapo akaweka ungo chini. "Kumbe watoto wote wa Hombolo wanajua mimi ni mtu wa motoni, isipokuwa mimi." Kisha akauliza, "Na ombi hilo nani aliwapa?"

Dada, sikukutaja. Alinitazama, akatazama njia ya kwenda Dodoma, akasema tu, "Aa."

Nikaanza kuomba msamaha akanikatiza. "Usiniombe leo. Leo sina. Kigoda ni cha mume wangu, hayo nitazungumza na mwenyewe. Lakini nimemwagia mbwa chakula cha mwanangu. Watu wanaona. Na yeye ananitazama tu, hasemi kitu." Jenifa akamshika mguu. Bibi hakumkumbatia, na wala hakumsukuma.

Kisha akasema, "Mvua imeanza. Yotham ndiye hunilimia. Mmemwondoa, basi leteni mikono yenu. Jumamosi uje na hao watoto wako na majembe. Na hayo maombi mtaniombea palepale, nikisikia."

Mchungaji amenisimamisha kufundisha. Nimekubali. Lakini shambani kwa Bibi leo tumekwenda. Nakutumia nakala ya barua aliyoniagiza Bibi niiandike kwa Yotham, neno kwa neno.

Asnath


Hombolo, 7 Desemba 2023

Yotham,

Anayeandika ni mwalimu wa kanisa, maneno ni yangu. Nimejua kwamba si wewe. Ni mwanao, na aliyemtia maneno ni huyu huyu anayeshika kalamu. Ameinama, aandike hivyo hivyo.

Niliapa kwa hasira. Nilikutaja kabla sijauliza. Mtoto wangu, mimi ni mzee na nimesema neno baya mbele ya watu, na kulirudisha sijui. Chakula chako nitakula. Wewe je, utakula changu?

Mama yako


Kolo, 17 Desemba 2023

Mama,

Shikamoo. Barua imefika, mimi mzima, kazi ya ukuta imenivunja mgongo ila naendelea.

Mama, nilijua. Siku ile wewe uko njiani kutoka mnadani, niliona sketi ya shule ya Jenifa imejaa masizi, nikaingia chumba cha ndani nikaona. Niliifua ile sketi mwenyewe kabla hujafika. Nikawaza, mama akijua ni mjukuu wake, atatamka neno ambalo mtoto huyu atalibeba mpaka uzeeni. Uliponitaja mimi nikasema basi, langu nitalibeba, mimi ni mtu mzima.

Hata Priska aliponiuliza sikuweza kukana, kwa maana nikikana wangetafuta mwingine.

Lakini sikumwambia Jenifa kwamba najua. Hapo nilikosa. Nilidhani nimemfunika, kumbe nimemwacha peke yake na jambo lile.

Mwambie huyo mwalimu anayekusomea barua hii, wote wawili tulinyamaza. Mimi nilinyamaza nikalala Kolo juu ya mifuko ya saruji. Yeye alinyamaza akalala kwao.

Nikimaliza ukuta nitakuja. Chakula chako sijawahi kukikataa.

Mwanao,
Yotham


Ipagala, 20 Desemba 2023

Baba Mdogo,

Shikamoo. Asnath ameniletea maneno yako yote. Anasema alimsomea Bibi mpaka mwisho, pamoja na yale yaliyomhusu yeye, hakuruka.

Nilikuandikia, "Ukinyamaza nitajua." Sikujua kitu. Na kuna lingine. Watoto wale hawakubahatisha mlango. Mimi ndiye niliyewaonyesha, Jumamosi baada ya Jumamosi, nikimtaja Bibi aliyenilea kama mfano wa waliopotea. Nilidhani ni upendo. Na nilipojua kweli, la kwanza nililoandika ni kwamba ungoje mwezi mwingine.

Wazee nimewaambia mimi ndiye wa kutoa ng'ombe. Wameshangaa. Krismasi ninakwenda kwa Bibi, na sijui nitaingiaje mlango ule.

Priska


Hombolo, 13 Januari 2024

Dada Priska,

Krismasi uliondoka kabla hujamwona Yotham, basi ngoja nikusimulie.

Leo tulikuwa shambani kwa Bibi, tunapalilia. Watoto si wote, wazazi wengine wamekataza na sina neno. Bibi alikaa ukingoni na fimbo, akitusimamia. Kabla ya kuanza niliomba kwa sauti, kama alivyoagiza: "Mungu, mpe Bibi nguvu na uwele mwingi." Bibi akaongeza, "Na huyu mwalimu mpe akili." Watoto walicheka. Mimi nilisema amina.

Jua lilipokuwa kali tukaona mtu anakuja na mfuko begani. Jenifa alimjua kabla yetu. Sikumwona akikimbia. Alisimama katikati ya tuta lake na jembe, kama mtu aliyeitwa mbele ya darasa.

Yotham aliweka mfuko, akapita kati ya mistari polepole asikanyage miche, akaenda kwanza kwa mama yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Bibi alimtazama miguu. "Viatu hivyo vimekwisha."

"Vimekwisha, mama."

Kisha akaja kwa Jenifa. Mtoto akasema kwa sauti ya juu, sisi wote tukasikia, "Baba, ni mimi niliyevunja."

"Najua."

"Nilitaka kusema. Mwalimu aliniambia ningoje."

Yotham akanigeukia. Nikasema, "Ni kweli, aliniuliza, nikamwambia angoje." Alinitazama usoni. Sikuona hasira, na msamaha pia sikuuona. Akamgeukia mwanawe, akamshika kidevu, akaona alivyokonda.

"Umekula?"

"Bado."

Bibi alikuwa amekwisha kuinuka. "Hata yeye hajala," akasema, akimwonyesha Yotham kwa fimbo, "na mimi sijala tangu asubuhi, nawasimamia hawa. Twendeni." Akatangulia. Wakamfuata, Jenifa ameshika kamba ya mfuko wa baba yake.

Mimi Bibi hakunitaja, na sikutazamia anitaje. Watoto wakaniuliza kama tumemaliza. Nikawaambia bado. Jembe la Jenifa lilikuwa limelala pale pale alipoliachia, na tuta lake lilikuwa limepaliliwa nusu. Nikaliokota nikaendelea nalo, watoto wakafuata nyuma yangu wakikusanya magugu, mpaka tukafika mwisho wa shamba.

Asnath